Masale ya Mpakani na Mashimo ya Wazungu

Ninyi vijana mnaojua kusoma kuliko mimi, nasikia baadhi yenu mnatamani kwenda kupiga gofu huko mjini Arusha, mkidhani ni mchezo wa mabwana wakubwa. Basi niwaambie nilivyouona mimi huku kwetu Meru, enzi za Mjerumani. Misheni walinifundisha herufi kwa msimu mmoja tu, halafu nikaolewa, kwa hiyo msitafute humu maneno ya kupendeza.

Chini ya migomba yetu palikuwa na uwanja wa majani tuliokuwa tukilishia ndama. Siku moja walikuja wazungu wachache wakauchukua, bila kumuuliza mtu. Hawakuwa wazungu wa maana. Mmoja alikuwa seremala, mmoja alichinja nguruwe, na wa tatu alikuwa mkulima ambaye kahawa yake ilikuwa imemshinda. Huyo wa tatu alikuwa amekaa kwa Waingereza ng'ambo ya mpaka, na mchezo aliutoa huko. Wakubwa wa boma hawakukanyaga pale. Nyumba ya kupumzikia ilikuwa kibanda cha majani ya migomba, viti vilikuwa makasha, na mashimo yao waliyachimba kwa jembe, kila shimo wakaliwekea kopo la nyama lililokwisha kuliwa. Ndama wetu ndio waliowakatia majani.

Sisi wanawake tulisimama na mizigo yetu ya majani kichwani tukiwatazama. Mtu mzima, ana ndevu, anapiga kitu kidogo kama yai la kanga, kisha anakwenda kukitafuta mwenyewe vichakani huku akitukana.

"Anataka kiingie kwenye kopo," jirani yangu akatueleza.

"Si akiweke kwa mkono aende nyumbani," akasema mama mkwe wangu. "Huyu hana mke wa kumwita?"

Tungewacheka hivyo hivyo mpaka leo kama wasingetafuta vijiti. Kila shimo lilitaka kijiti cha kulionyesha kwa mbali. Vya kwanza ng'ombe walivikanyaga, vya pili watu walivipeleka jikoni. Ndipo yule mkulima akaona masale yangu.

Kwetu sale si pambo. Ni mmea wa majani marefu, ng'ombe haugusi, na ukipandwa mpakani hakuna anayeung'oa. Huo ndio ukuta wetu na ndiyo hati yetu. Masale yangu yalitenga kihamba changu, yaani shamba la migomba la nyumbani, na cha shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, kuanzia kwenye mfereji hadi barabarani. Mume wangu hakuwepo, Wajerumani walikuwa wamemchukua kubeba mizigo yao. Nilikuwa peke yangu na mtoto mgongoni, na migomba ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha.

Wazungu waliwatuma vibarua wao, watu wa mbali wasiojua sale ni nini, wakayakata yote usawa wa ardhi wakaenda kuyachomeka kwenye makopo. Nilipotoka mtoni nikakuta mpaka hakuna. Kesho yake shemeji alikuwa amesimama katikati ya migomba yangu, panga mkononi, anakata mkungu.

"Shemeji, huo ni wangu," nikamwambia.

"Nionyeshe mpaka, mke wa kaka."

"Unaujua."

"Nilikuwa naujua. Sasa siuoni. Kawaulize wazungu wako."

Nikaenda kuwaita wazee. Walisema watakuja baada ya siku ya soko, nami sikuogopa, kwa sababu mashina ya masale yalikuwa bado ardhini, na sale haifi kwa kukatwa. Shemeji naye alilijua hilo. Siku ya soko, nilipokwenda kuuza ndizi, akashika jembe akang'oa mashina yote, moja baada ya jingine, akayatupa mtoni. Aliona amemaliza kazi.

Wazee walipofika walikuta mstari wa mashimo mabichi, umenyooka kutoka kwenye mfereji hadi barabarani.

"Nani kachimba haya?" akauliza mzee wa ukoo wetu.

"Wazungu," akasema shemeji. "Wanachimba mashimo ya mpira wao. Si mnawaona kule chini?"

Yule mzee akachuchumaa taratibu. Akaingiza mkono katika shimo la kwanza, akaupapasa udongo. Akaenda la pili, akafanya vile vile. Kisha akamtazama shemeji.

"Shimo la mzungu lina kopo," akasema. "Makopo ya haya yako wapi?"

Shemeji akausukuma udongo kwa kidole cha mguu.

"Na mzungu kajuaje kuchimba penye sale tu, asikosee hata mahali pamoja? Kule chini tunamwona hapigi hata kikaingia." Wazee wengine wakacheka, na mama mkwe wangu, aliyemzaa, akacheka kuliko wote. Mzee akaendelea: "Hata mtu mwenye tamaa, angalau angekaa tu bila kugusa kitu. Ungeyaacha yale mashina majanini, ukadai ni vichaka tu, tungebishana hapa hadi jua lizame. Umetuchorea mpaka mwenyewe kwa jembe lako."

Wakamwamuru akatafute miche ya masale, aipande kwa mikono yake katika mashimo yale yale, na mbuzi atoe yeye, kwa kuwa kung'oa sale ni kosa kubwa. Alipanda ameinamisha kichwa, na wazungu huko chini waliendelea kutafuta kiyai chao kwenye majani.

Jioni ile nikawaita wote wa nyumbani mwangu, pamoja na mama mkwe, nikawaambia: shemeji akija kutuamkia, mwitikieni vizuri, mpeni mbege, pombe yetu ya ndizi, ya kutosha, lakini kiti chake kiwekeni ng'ambo ya masale, anywee huko huko.