Makoti Mawili ya Chuma

Kwa miaka kumi na miwili, kila Jumapili jioni, watu waliacha vyombo bila kuosha ili wamwone Chuma kwenye televisheni akiruka kutoka ghorofani. Barabarani madereva walimpigia honi, na wanaume wazima wakamsalimia kwa adabu wasije wakavunjwa vidole.

Kumbe makoti yake ya kahawia yalikuwa mawili. Moja lilikuwa lake. La pili alilivaa mwenzake mkimya aliyefanana naye kwa nyuma, na huyo ndiye aliyeruka, akavunja vioo, akaburutwa na gari. Kisha Chuma aliitwa, akapakwa vumbi shavuni, akasimama mbele ya kamera anahema.

Mama yake hakukosa kipindi hata kimoja. Ila wajukuu walipopiga kelele kwenye kuruka, yeye aliendelea kukunja nguo. Siku Chuma alipopewa tuzo kwa miruko yake, alimpelekea mama na kuiweka kando ya televisheni.

"Mama, hujawahi kunisifu nikiruka."

"Nikusifu kwa lipi? Wewe hata juu ya meza nilikuwa nakushusha mimi, unalia. Na mgongo niliousugua kwa mikono yangu, nitausahau?"

Chuma, aliyepiga majambazi mia na ushee, akajipangusa shavu lisilo na vumbi.

"Huyo anayeruka," mama akauliza, "ana mama?"

"Anaye."

Mama akaichukua tuzo, akaifuta vumbi kwa pindo la gauni, akamrudishia mkononi.

"Basi umekosea nyumba."