Sonara na Dhahabu ya Kunywa

Saa tatu asubuhi, Mama Kibano anaketi kwenye kigoda chake nyuma ya kioo chenye ufa, anafumba macho na kuomba. Leo sala ni ndefu kuliko kawaida. Mezani, kati ya mizani na kichupa cha tindikali, imesimama chupa ya pombe tamu. Ndani yake vinaelea vipande vya dhahabu, vyembamba kuliko bawa la nzi.

Mwenye chupa ni mdogo wake wa tumbo moja, karani aliyestaafu mapema, aliyezawadiwa chupa hiyo na wenzake siku ya kuagwa kazini. Amesimama mlangoni, mkoba kwapani.

"Pima, dada. Leo usitumie macho, tumia dawa."

Maneno hayo yana kisa. Mwezi uliopita, mbele ya ukoo mzima, Mama Kibano aliiinua chupa hiyo dirishani akaangua kicheko: "Shaba hii! Wamekuaga kwa shaba!" Hakuwa amepima. Lakini neno la sonara wa miaka thelathini na mmoja nani atalibishia? Tangu siku hiyo watoto wa kaka yao humwita karani Shangazi Shaba.

"Nilijua nimeruka hatua," anakiri Mama Kibano, mwenye umri wa miaka 54. "Sonara akihukumu kwa jicho, basi jicho lenyewe lipimwe. Langu lilikuwa na kijicho."

Kijicho hicho ni cha siku nyingi. Baba yao, sonara naye, alikuwa na ada ya binti mmoja tu. Mdogo akapelekwa shule, mkubwa akaachiwa nyundo. Kila wiki hutengeneza pete tatu au nne za maharusi. Masikioni mwake mwenyewe mna vijiti vya ufagio, vya kuzuia matundu yasizibe.

"Wenzangu wanaifanya kinywaji," anasema kwa sauti ya chini. "Mimi hata kuivaa sijaivaa."

Anachuja kikombe kimoja kwa kitambaa, anavikausha vipande, anakiweka kimoja kwenye kisahani cheupe. Shaba ingetoa povu na kugeuka kijani. Anadondosha tindikali. Ndugu hao wanainama hadi vichwa vinakaribia kugongana.

"Chemka," midomo ya Mama Kibano inasema bila sauti. "Chemka wewe!"

Hakichemki. Kinang'aa tu.

Kisha anavikusanya vipande vilivyobaki, anaviweka mizanini. Namba haitoki kwenye sifuri. Uso wake unachanua.

"Ni dhahabu," anasema, "ila haina uzito. Chupa nzima haitoi hata bangili ya sisimizi!"

"Hilo la pili nani kakuuliza?"

"Mizani ndiyo imesema, mdogo wangu."

"Siku ile mizani ilikuwa wapi? Jumapili ukoo wote utakuwa kwangu. Utasema lile la kwanza, basi."

Anaichukua chupa yake na kuondoka bila kuaga.

Mama Kibano anakikunja kitambaa chenye mng'ao, anakiweka chini ya mizani. Ameshaamua kwenda.

"Kusema ukweli siogopi," anasema. "Naogopa kuuongezea. Hili la uzito linaniwasha ulimi tangu sasa. Namwomba Mungu anipe nguvu ya kusema 'ni dhahabu', kisha nifunge mdomo."