Utamu Uliokuja na Kifafa

Wapendwa, mimi ni Neema. Nauza vitenge na mama yangu soko la Nakawa, tangu tulipotoka Kongo. Zamani nilikuwa mtu wa utani. Mteja alicheka kwanza, kisha akanunua.

Siku moja nikikunja kitenge, tumbo likapanda mpaka kooni, kama niko juu ya boda inayoteremka mlima. Halafu ukaja utamu. Sijui niueleze vipi. Mungu alikuwa pale, karibu kuliko mama. Lakini mama anasema nilikodoa macho tu, natafuna mdomo mtupu, mate yananitoka.

Ikawa inarudi. Kanisani kwetu wakasema nimefunguliwa macho, wakaniletea shida zao niwatazamie kwa Mungu. Ili macho yasifumbike, wakanifungisha: kula hapana, kulala kidogo sana. Nilikubali kwa moyo wote, maana nikifunga, utamu unazidi. Ila nikawa mkali. Hata mama akicheka, namkemea.

"We Neema, umekuwa askari wa jela ya Luzira?" akaniuliza. Sikucheka.

Jumapili moja nikaanguka katikati ya wimbo. Nikajiuma ulimi, nikajikojolea mbele ya kwaya nzima. Mama akanipeleka hospitali. Picha ya kichwa ikaonyesha kovu kwenye ubongo.

"Hiki ni kifafa, binti yangu," daktari akasema. "Njaa na kukosa usingizi vinakiamsha."

"Na Mungu niliyemwona?"

Akanionyesha ile picha. "Mimi natibu kovu. Hilo muulize yeye mwenyewe."

Vidonge vya kwanza nilivishika mkononi nikilia. Nilijua vitaondoa nini.

"Meza, mama," mama yangu akanibembeleza. "Kanisa limepata nabii, mimi nimepoteza mtoto."

Nikameza. Kweli, kuanguka kumekoma, utani umerudi, na bado naota duka langu lenye vioo. Lakini ule utamu haujarudi, nami nina hamu nao hata nikiwa nacheka.

Namshukuru mama, daktari, na mchungaji wetu, ambaye siku hizi mtu akianguka anamwombea akimpeleka hospitali. Nanyi fanyeni hivyo. Mpeni mgonjwa chakula, mwacheni alale, asiache dawa.

Mimi sasa naomba kama watu wote, bila kusikia kitu. Leo asubuhi nimemuuliza Mungu tena, "Ulikuwa wewe?" Nikamwambia, "Kama ni wewe, nimekukumbuka sana. Njoo hata polepole, nikiwa mzima." Kisha nikameza dawa yangu.