Matanga ya Mgeni wa Rubani

Siku ya tatu tangu rubani wa vita amfiche mgeni wake katika chumba chetu cha uani, watu wapatao arobaini walikuja kutupa pole. Walikuja na mikeka, mchele na masufuria matatu. Hatukuwa tumefiwa.

Nieleze tangu mwanzo. Tulikuwa tunakaa Temeke, enzi za Mwingereza, vita vimepamba moto. Mume wangu alikuwa mpishi wa rubani huyo. Jumanne alasiri rubani alimleta kwa gari mwanamke wa Kihabeshi aliyejitanda shuka nyeupe. Akatueleza kwa Kiswahili chake cha jikoni: mama huyu aliwaona askari waliokalia nchi yake wakiwapanga wanaume wa kijiji chake ukutani na kuwapiga risasi. Yeye rubani alikwenda na ndege kumtoa kwa siri, aje aseme alichokiona mbele ya wakubwa watakaokiandika. Lakini ndege ilipotua, binti yake wa miaka kumi alikuwa malishoni na mbuzi, akaachwa nyuma. Ijumaa rubani angemfuata. Habari zikivuja kabla, askari wale wangemkamata mtoto.

"Jirani hata mmoja asijue," alisema. Mume wangu akaapa. Mie nikaapa.

Kesho yake jirani aliingia kuomba kaa la moto, kama kawaida yake kila asubuhi, akachungulia uani. Akaona mwanamke kajifunika nyeupe, kaelekea ukutani, hasemi. Kwake hilo lilikuwa na maana moja tu: mjane yuko edani. Akaenda moja kwa moja kwa kungwi wa mtaa.

"Mna mfiwa ndani mnakaa kimya?" kungwi alinifokea Alhamisi, watu wamejipanga nyuma yake. "Mnazika watu kama paka?"

Nilikuwa nimeapa; nikawapisha. Mikeka ikatandikwa.

Rubani alifika mchana, wali unapakuliwa. Akamvuta mume wangu pembeni.

"Mpishi, siri gani hii iko na sufuria tatu?"

Kabla hajajibiwa, Mnyamwezi mmoja, mtani wa mume wangu ambaye ni Mzaramo, alimpokonya rubani kofia, kama watani wafanyavyo matangani. "Wewe nani wa mfiwa?"

Rubani akatazama huku na huku. "Shemeji," akasema.

"Shemeji! Basi wewe ulifuliwa sana mpaka ukachujuka."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Kofia ilikombolewa kwa sigara. Mmoja akataka kujua marehemu alikuwa mtu wa wapi, kungwi akamkata kauli: "Mwenye eda hahojiwi. Atakayeuliza tena asile."

Hakuna aliyeuliza. Wanaume hawakusogelea uani, na mtaa mzima ukawa mlinzi wetu bila kujua unalinda nini. Mle ndani wanawake walimshika mgeni mikono, naye akalia kwa mara ya kwanza. Jioni ile rubani alituambia kwamba mumewe alikuwa miongoni mwa wale waliopangwa ukutani. Jirani yetu hakuwa amekosea.

Ijumaa rubani aliondoka na ndege kumfuata mtoto. Wiki ya pili afisa mwingine alimchukua mama yule kwenda kutoa ushahidi wake. Mume wangu alipouliza habari za bwana wake, alijibiwa kwamba amehamishwa. Akauliza kama alirudi na mtoto. Afisa alisema yeye hajaambiwa habari ya mtoto yeyote.