Kompyuta ya Baba Ilipoanza Kuganda

Sisi tuliokulia Kitale miaka ile ya elfu mbili na kidogo tunajua kwamba kompyuta ya nyumbani haikuguswa ovyo. Yetu ilikaa sebuleni, imefunikwa vitambaa alivyofuma Mama, na kabla ya kuisogelea ulinawa mikono mpaka harufu ya mahindi ya kuchoma iishe. "Hiyo si jembe," Mama alizoea kusema, "ati kila mtu ashike tu." Jioni, tukishachoka na michezo ya uani, kati na blada, tulipanga foleni tucheze karata za kwenye kioo, na aliyeshindwa alirudi jikoni kuchambua maharagwe.

Likizo moja ya Aprili, Baba, aliyekuwa afisa wa kilimo, aliamua kuiongezea nguvu. Alinunua memori, diski ya pili na mashine ya kuandikia sidii, akazifunga mwenyewe huku akipiga mluzi. Tulijiona matajiri. Kisha ikaanza kuganda. Mshale ulisimama katikati ya kioo, wimbo ukakwama kwenye silabi moja, na hakuna kitufe kilichosikia. Baba alitulaumu sisi wadogo na michezo yetu.

Taabu ni kwamba mle ndani mlikuwa na kazi ya dada yangu Nekesa, mradi wake wa mtihani wa kidato cha nne. Kila alipojaribu kuunakili kwenye sidii, mashine iliganda. Fundi wa mjini aliitoa memori, ikaganda vilevile, akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Nekesa hakulia. Alivuta kiti, akakaa mbele ya mashine.

"Usimkubalie, Baba. Akifuta, sina kitu ya kupeleka shule."

 Asubuhi Baba aliazima pikapu ya jirani, tukashika njia ya Bungoma kwa Mjomba Simiyu, kakake Mama, mwalimu wa fizikia. Nekesa aliipakata mashine ikiwa imefungwa blanketi, na kila tulipoingia shimoni alifumba macho.

Mjomba alitukaribisha kwa chai na nduma, lakini hakuna aliyekula.

"Toa kila kitu kipya," alimwambia Nekesa. Akatoa. Mashine ikawaka, ikafanya kazi vizuri. "Sasa rudisha moja moja, tuangalie."

Memori ikakubali. Diski ikakubali. Aliporudisha ile ya sidii na kuanza kunakili, ikaganda.

"Basi hiyo ya sidii ndiyo mbovu," Baba akasema.

"Ngoja, shemeji. Nekesa, toa hizo zingine, uache hiyo peke yake."

Safari hii haikuganda. Mstari mdogo wa buluu ulitambaa kwenye kioo, nasi tukautazama kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Imemaliza," Nekesa akasema, akaishika ile sidii kwa ncha za vidole. Ndipo alipolia.

Mjomba alituonyesha kisanduku cha nyuma kinachogawa umeme. "Hakuna kitu mbovu hapa. Hii ni ya zamani, umeme yake haitoshi hizi zote. Mmeipatia ng'ombe mmoja shamba ya wawili." Alikuwa na kingine kikubwa zaidi stoo, akakibadilisha, na vyote vikafanya kazi pamoja. Baba alishusha pumzi ndefu, akavuta sahani ya nduma. "Watoto," alisema, "niliwasingizia bure." Tuliporudi tuliimba mpaka Kiminini, na Baba, ambaye sauti yake haikuwa ya kwaya, aliimba kutushinda.

Siku hizi simu ya mwanangu ikiganda, anaizima na kuiwasha huku akitafuna, kisha anakuta kila kitu chake kiko palepale. Nikimsimulia ananiuliza, "Si mngeitoa hiyo kazi tu kwa mtandao?" Simtakii ile hofu. Lakini hajawahi kuona kitu kikirudi baada ya nyumba nzima kukikatia tamaa, wala baba aliyetoka kukosea akila nduma za baridi kwa furaha namna ile.