Ala ya Mpiga Tarumbeta

Najua unaniangalia mdomo, unajiuliza duara hili limetoka wapi. Kaa nikueleze. Sitaongeza chumvi; mambo yenyewe yamekolea tayari.

Mimi hunoa mapanga sokoni Nanyamba, kwa jiwe linalozungushwa kwa pedali za baiskeli. Msimu uliopita Hamisi, mkulima wa korosho, aliniletea upanga mfupi wa Kiingereza, kipini cha shaba chenye taji, pamoja na ala yake ya ngozi. Babu yake aliuokota Kilambo, kando ya Ruvuma, baada ya vita vya Waingereza na Wajerumani.

"Unoe mpaka unyoe ndevu," aliniambia. "Kesho mdogo wangu akivuka tena mpaka wa mikorosho yangu, atanitambua."

Nilijua hatanii. Hata hivyo nikapokea kazi.

Sasa, chuma kikigusa jiwe hutoa cheche. Huu haukutoa hata moja. Uliimba. Niamini, sauti moja ndefu, tamu. Nikashangaa: nani hutengeneza upanga usiotaka makali?

Adhuhuri, watu wakiwa msikitini, mwanamume akasimama mbele yangu. Miguu yake ilizungushiwa vitambaa hadi magotini, na midomoni alikuwa na alama ya duara.

"Fundi, naomba ala yangu."

Nikampa ala ya upanga. Wewe ungempa nini? Akacheka.

"Hii ya kuvalia gwaride tu. Mimi mpiga tarumbeta. Upanga huu nimeuvaa tangu vita vianze mpaka viishe, haujakata hata muhogo. Naomba ala yangu ya kupiga."

"Hiyo sikuletewa."

"Basi hii itatosha."

Akaweka mdomoni ncha ya shaba ya ile ala ya ngozi, akapuliza. Ikalia tarumbeta, hadi masufuria ya mama ntilie yakatetemeka! Kisha akautia upanga ndani ya ala, taratibu kama anayelaza mtoto, akaniwekea miguuni. Niliinama kuuokota. Nilipoinua macho, hakuna mtu. Mchangani zilikuwepo nyayo zangu tu.

Jioni nilimsimulia Hamisi. "Fundi, uraka uliokunywa umekupanda kichwani," akasema, akauchukua.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikamfuata shambani. Mdogo wake alikuwa ameshavuka mpaka, anaokota korosho. Hamisi akashika kipini, akavuta. Haukutoka. Akavuta tena, mishipa ya shingo ikamsimama.

"Kaka, nikushikie huku?" mdogo wake akauliza, akaikamata ala.

Wakavuta, kila mmoja upande wake, mpaka wote wawili wakaanguka kwa makalio juu ya mabibo. Mdogo mtu akaanza kucheka. Hamisi alijitahidi kununa, akashindwa. Mpaka wa mashamba yao waliupima siku hiyohiyo kwa kamba, mimi nikishika ncha moja.

Upanga wakaniachia mimi. Haujatoka alani mpaka leo. Nami, kwa udadisi tu, siku moja nikaipuliza ile ncha. Haikutoa sauti. Lakini duara hili likabaki, na kila adhuhuri midomo huniwasha, kama inayodaiwa wimbo nisioujua.

Kwa hiyo, mwenzangu, kabla hujanoa kitu, kiulize kilitengenezwa kwa kazi gani. Na ukipita kwangu, karibu sana: shika kipini, vuta upendavyo. Ila ncha ile usiiweke mdomoni.