Bolti ya Nne

Mtaa mzima ulimwita Kazakaza, na jina hilo alilipata kwa haki. Katika miaka ishirini na sita ya kutengeneza pikipiki hakuwahi kumruhusu mteja aondoke kabla hajaizunguka pikipiki mara ya pili, spana mkononi, akinong'ona, "Kaza, ukishakaza kaza tena." Wenye haraka walimkimbia, wenye akili walimngoja.

Mume wa dada yake alikuwa mwenye haraka. Alisambaza mikate ya bekari, kreti sita nyuma ya pikipiki kila asubuhi, na ndani ya mwezi mmoja bolti moja kati ya nne zinazoshika injini kwenye fremu ilikuwa imemkatikia mara mbili.

"Shemeji, nipachikie hata msumari," alisema. "Mikate inapoa."

"Mikate ikipoa inaliwa. Wewe ukipoa tutakuzika."

"Ukinizika, dada yako atarudi kwako na maneno yake yote."

"Basi ngoja nikuokoe. Wala si kwa kukupenda."

Kazakaza akang'oa kipande cha bolti na kumwonyesha kichwa chake. Kilikuwa kitupu, hakina namba. "Hiki ni chuma cha kufungia kitanda," alisema. Akaenda mwenyewe duka la vipuri, akapekua makopo, akarudi na bolti nne za kubadilisha zote, zenye namba 10.9 kichwani, alama ya chuma kilichopikwa kikakomaa. Hakuangalia nguvu peke yake. Alipima na urefu, ili sehemu laini isiyo na nyuzi ndiyo ikae ndani ya tundu, maana bolti hupenda kukatikia kwenye nyuzi. Alinunua na nati mpya, zile zenye pete ya plastiki ndani inayozizuia zisilegee. Za zamani alizitupa.

Alikuwa na utaratibu wake. Kwanza huzishika nati zote kwa vidole, kisha huzikaza kwa kupokezana, mwisho huleta spana ya kipimo, ile inayolia "ka!" nguvu ikitosha. Ikishalia ndipo anapopiga mstari mweupe wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu. Nati ikisogea, mstari hukatika, na hata asiye fundi ataona. Mafundi wengine walimwiga.

Siku hiyo palikuwa na watazamaji, wateja wawili na mshonaji wa viti wa jirani, na sifa zikampanda kichwani. Akawa anawahutubia habari za vyuma, brashi mkononi. Bolti tatu zilikuwa zimelia. Ya nne, ile ya chini nyuma ya kanyagio, ilikuwa bado imeshikwa kwa vidole. Huku akisema, alipiga mistari yote minne kwa mkupuo ili waone kazi inavyopendeza. Alipozunguka mara ya pili aliangalia mistari, hakuzigusa nati. Mistari ilikuwa mizuri sana.

Wiki ya tatu nati ile ilidondoka barabarani, bolti ikafuata. Injini ikahama, mnyororo ukaruka na kuling'ang'ania gurudumu la nyuma. Shemeji alirushwa hadi kwenye ukingo wa barabara, goti la kulia likavunjika.

Pikipiki ililetwa kwa Kazakaza. Alichuchumaa, akaona tundu tupu, na kando yake nusu ya mstari mweupe. Alielewa yote kabla hajainuka. Dada yake alikuwa amesimama nyuma yake.

"Kaka, ilikuwaje?"

Kosa la kwanza lilikuwa la kusahau, na kila mtu husahau. La pili alilichagua mwenyewe.

"Mizigo," alisema. "Nilimwambia asizidishe."

Hakuwa amemwambia kitu kama hicho. Lakini neno likishatoka halishikiki. Lilifika bekari, na mwenye bekari akasema hawezi kumrudisha mtu anayepakia pikipiki kama lori. Akaajiri mwingine. Nyumbani dada alimsema mumewe asubuhi na jioni. Baya kuliko yote, mume mwenyewe aliamini. "Labda siku ile kreti zilikuwa saba," alikuwa akisema, akisugua goti. "Labda sikuhesabu." Na alikuwa mtu wa kuhesabu kila siku.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Ya Kazakaza ilikuwa na urefu wa miezi kumi na mmoja. Alipeleka matunda, akaitengeneza pikipiki bure, akashukuriwa, na shukrani zile zilimchoma kuliko tusi. Alikuwa amelinda jina lake kwa kulichafua la mwenzake, na hakuna ufundi wa kuliziba pengo kama hilo.

Jumapili moja mchana, sebuleni kwao, shemeji alimgeukia.

"Nataka nikamwombe radhi tajiri wa bekari. Twende wote, wewe unaheshimika. Mwambie nimejirekebisha."

Kazakaza alitazama sakafu. "Huna cha kuombea radhi," alisema. "Hukuzidisha mzigo. Bolti ya nne sikuikaza."

Dada aliweka kikombe chini. "Rudia."

Akarudia.

"Karibu mwaka mzima namsema mume wangu mbele ya watoto," alisema dada, "na wewe kaka yangu umekaa kwenye kiti hicho hicho unanisikiliza!"

Shemeji hakupandisha sauti. "Twende bekari," alisema. "Ukayaseme haya haya."

Mwenye bekari aliwasikiliza mlangoni, akijifuta unga mikononi.

"Nimekusikia, fundi. Nami nilimhukumu bila kumuuliza, hilo ni langu. Lakini nafasi ina mtu, na mtu huyo hajakosa lolote. Kama ungekuja mwezi ule ule..."

Akarudi ndani kwenye unga wake.

Walipotoka, Kazakaza alimshika shemeji mkono amsaidie kushuka ngazi. Shemeji aliutoa mkono ule taratibu, bila hasira, akashika ukuta, akashuka peke yake, ngazi moja moja, mguu mbovu ukitangulia.